Pweza wa Minyiri Saba

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mimi Mwaringa nilizaliwa na bahati yangu. Malindi nzima hakuna wa kunifikia! Purity, mtoto wa dada yangu, anaolewa Jumamosi. Ukoo unataka fulana za sare. Nani kaota mchoro? Mimi! Usingizini! Pweza mwenye maua, na mapambo ya kujipindapinda chini yake. Binamu yangu Kavumbi kasema pweza huyo kamwona dukani kwa Zakiya, mchoraji wa mji wa kale. Wivu tu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemkata mnyiri mmoja. Wa Zakiya ana minane, wangu saba. Sheria itanishika wapi? Mpiga chapa wa Muyeye kauliza kama mwenye mchoro karuhusu. Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Kacheka. Kacheka nini? Huyu katumwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Fulana tayari. Tamu! Nimepita na yangu sokoni. Mzee Abubakr wa kahawa kanitazama kifuani, kauliza tangu lini nimeajiriwa na Zakiya. Kavumbi kashamlisha maneno! Mama mmoja wa buibui kanifuata mpaka kona. Kajifanya ananunua muhogo. Sidanganyiki.

Ijumaa, 8 Agosti
Balaa! Sheikha, jirani wa dada, kasema yale si mapambo. Ni herufi za Kiarabu: "Kazi ya Zakiya. Usiige." Ukoo mzima, kifuani! Purity kalia, kasema, "Mjomba, umetuvisha ushahidi." Dada kasema nisikanyage harusini bila ruhusa ya Zakiya. Nimekwenda. Nimempa shikamoo, na mimi ndiye mkubwa. Kasema hajapata kuona mwizi anayemtangaza mwenye mali. Karuhusu kwa ajili ya bibi harusi tu: nimtaje mbele ya wageni, na kila pweza nimrudishie mnyiri wake, kwa mkono wangu. Vidole vimekuwa vyeusi kwa wino.

Jumapili, 10 Agosti
Harusi imefana. Nimemtaja Zakiya, nikaongeza kidogo kwamba tulishauriana. Kumbe kakaa nyuma yangu! Jicho alilonitolea! Lakini Purity kanikumbatia, roho yangu kwatu. Sasa kwaya ya Mariakani inataka sare. Kuna kasuku mzuri mlangoni mwa hoteli moja. Nitamkata mkia. Herufi hana, Sheikha kashanikagulia.
Na ile bahati yangu? Uongo. Sikuota chochote. Pweza nilimpiga picha kwa simu, dirishani kwa Zakiya.