Daraja la Usi

Jumatatu, 9 Juni

Nimechoka. Somo la Miundo narudia mara ya tatu. Darasani wananiita Babu. Leo Dakta Umukoro katangaza tena alama zinavyopatikana. Jaribio ishirini, daraja la vijiti vya fagio thelathini, mtihani hamsini. Kufaulu ni arobaini. Kwenye jaribio nina tatu! Mimi na mtihani hatuivi chungu kimoja. Limebaki daraja; nikipata zote thelathini, kwenye mtihani nitadaiwa saba tu. Nikianguka, mwakani nitasoma darasa moja na Tega, mdogo wangu, niliyemfuta kamasi kwa mkono huu. Mungu aepushe.

Jumanne, 10 Juni

Daraja hupimwa hivi: mzigo liliobeba, gawanya kwa uzito wake lenyewe. Ibinabo, yule binti wa kiti cha mbele, anapaka gundi ya seremala tone kwa tone. Akanishauri nianze leo, gundi haikauki kwa maombi. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Akasema hata uvivu hauna, Babu. Mdomo ule!

Jumatano, 11 Juni

Wazo! Nilikuwa kibandani kwa Mama Oboreh nikila usi, ugali wetu sisi Waurhobo, wa wanga wa muhogo, na supu ya mawese. Nikila asubuhi, tumbo halidai kitu hadi jioni. Kinachoshika tumbo kitashindwa na vijiti? Nikanunua donge la moto. Nusu nimepaka, nusu nimekula. Daraja limesimama! Linang'aa. Nimelala mchana kwa fahari.

Alhamisi, 12 Juni

Vijiti vinateleza. Nikaenda kumlalamikia Mama Oboreh. Alicheka hadi akashika meza. Akauliza mimi ni Mwurhobo wa wapi, nisiyejua usi hutiwa mawese ili usinate mikononi. Nimeula tangu utotoni, haujawahi kuninatia hata kidoleni, wala sikujiuliza! Nimefunga uzi hapa na pale. Basi.

Ijumaa, 13 Juni

Dakta hakuweka hata jiwe la kwanza. Daraja lilikaa chini lenyewe, taratibu, kama bibi anayetafuta mkeka. Dakta akanusa. Akauliza, "Onos, na supu yake iko wapi?" Darasa zima hoi. Sifuri. La Ibinabo lilibeba mawe mpaka mawe yakaisha. Baadaye akaniambia bado nina mtihani, atanifundisha kuanzia kesho, bure. Nikasema nitafikiria.

Jumamosi, 14 Juni

Tega kapiga simu. Kwa heshima zote kauliza, "Kaka, mwakani tutakaa dawati moja?" Iliniuma, sifichi. Ibinabo kagonga mlango mara mbili, ana vitabu. Nikajifanya nimelala. Nina hesabu kubwa zaidi. Mzigo gawanya kwa uzito, sivyo? Sasa daraja jepesi kuliko yote ni lipi? Ambalo halipo! Mwakani naenda mikono mitupu. Na Tega nitamwambia siri hii, ni damu yangu.