Sambusa Zilizonukia Harusi

Baada ya daku sikulala tena. Swali lilikuwa moja tu: mtu aliyefunga akila sambusa akidhani ndani mna nyama, kumbe ni soya, na wewe uliyezipika ukanyamaza, je, umedanganya? Au umenyamaza tu? Niligeuka upande huu, nikageuka upande ule, mpaka jua likanikuta macho. Sasa swali limepata jibu, na jibu lenyewe limenivua nguo hadharani. Leo nimeaibika, jamani. Na aibu yangu inanukia vizuri kweli.

Nianze mwanzo. Mama alikwenda Kikoneni Jumatatu kumwangalia dada yangu aliyejifungua. Kabla hajatoka mlangoni alinishika bega.

"Mbwana, Ijumaa sambusa za msikitini zisikose."

Kila Ijumaa ya Ramadhani sahani ya Mama huenda msikitini hapa mtaani kwetu Msambweni, wanaume wafuturie. Ilianza mimi sijazaliwa. Kuna wazee hapa wanaoweza kukosea majina yetu watoto, lakini sambusa ya Mama wataitambua gizani.

Sasa mimi ni mhitimu wa sayansi ya chakula. Miaka minne ya kusoma, miwili ya kungoja kazi. (Barua za kuomba kazi nimeandika nyingi mpaka siku moja nilimwandikia rafiki yangu salamu nikamalizia "wako mtiifu".) Nikaona hii ndiyo nafasi. Nilikuwa nimenunua Ukunda pakiti kubwa ya nyama ya soya, ile kavu ya chembechembe za kahawia, ambayo ukiitia maji ya moto huvimba ikawa kama nyama ya kima. Mpango ulikuwa hivi: wanaume wale, wasifu, walambe vidole, kisha mimi nisimame niseme, "Mliyokula si nyama." Washangae. Nianze kuletewa oda. Mama arudi akute mwanawe ana kazi.

Mama sikumwambia. Hapo ndipo usingizi uliponipotea.

Turudi nyuma kidogo, kwenye kuhifadhi, maana kisa chote kiko huko. Pakiti iliandikwa: weka mahali pakavu, penye giza, pasipo joto. Nyumbani kwetu hata chumvi hulia maji. Niliipima nyumba nzima, chumba kwa chumba, kama mtu anayetafuta mahali pa kuzika dhahabu. Nikapata mahali pamoja tu: kabati la Shangazi Mwanakombo.

Shangazi ni dada yake marehemu baba. Ni mjane, anaishi nasi, na kazi yake ni udi. Hununua vipande vya mti, akavipika na sukari, akavitia marashi na vitu ambavyo hajamtajia mtu hata mmoja, halafu akauza kwa mabibi harusi kutoka Tiwi mpaka Vanga. Udi wake ukiufukiza chumbani Alhamisi, Jumatatu bado upo. Nilimwomba nafasi kwenye kabati.

"Weka," akasema. "Lakini vyangu usiviguse."

Nikaitia soya kwenye kopo, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nikakaa nikawaza: je, kama kuna unyevu umebaki ndani? Si utafanya ukungu? Nikafungua. Je, wadudu wakiingia? Nikafunga. Asubuhi nafungua, jioni nafungua. Mwisho nikakitoa kifuniko kabisa, nikafunga kitambaa chepesi juu, ipumue.

Wiki mbili ikapumua.

Leo baada ya swala ya Ijumaa nikaingia jikoni. Nilichemsha maji, nikamwaga soya kwenye bakuli. Pakiti ilisema kikombe kimoja huvimba kikawa karibu vitatu. Nilisoma mara sita, nikaelewa mara sita, na bado nikaogopa haitatosha, nikatia yote. Ikajaa bakuli. Nikaleta bakuli la pili. Ikajaa. Shangazi alipopita alinikuta nimeketi na beseni la kufulia, nimelisugua mpaka linang'aa, nalo limejaa soya.

"Mbwana, unapika au unafuga?" akauliza.

Nikasema ya kubaki nitaiweka kwenye friji, maana soya ikisharoweshwa haikai nje. Sikumaliza sentensi, stima ikapotea. Kwa hivyo hapakuwa na ya kubaki. Yote ilibidi ipikwe leo, iliwe leo.

Nikaikamua maji. Nikakaanga vitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, nikatia soya, nikageuza mpaka ikakauka, nikakamulia ndimu na kukatia dania. Kwa macho ilikuwa kima kabisa. Harufu? Wallahi mimi sikusikia kitu kipya. Nyumba yetu inanukia udi kuanzia mapazia mpaka mito. Pua zetu zilishaacha kutoa taarifa.

Ikabaki kuonja.

"Onja kwa ncha ya ulimi, uteme," akasema Shangazi. "Mpishi ameruhusiwa."

Najua ameruhusiwa. Lakini je, kama chembe itateleza? Soya ni nyepesi. Na je, kama nitaipenda? Nilisimama na kijiko mbele ya mdomo karibu dakika tano, nikakirudisha kwenye sufuria.

"Onja wewe, Shangazi."

"Nani, mimi? Mimi ndiye msomi wa chakula?"

Hakuna aliyeonja. Wasiwasi wangu wote ulikuwa kwenye chumvi. Nikaomba Mungu anisitiri kwenye chumvi.

Shangazi akanisaidia kufunga soya kwenye manda nyembamba za unga, mimi nikasimama kwenye karai la mafuta. Tulipomaliza tulikuwa na sinia mbili na ndoo yenye kifuniko. Sahani ya Mama ilikuwa sahani moja. Nikaacha chache nyumbani, nikabeba zilizobaki, nikaenda msikitini nikiwa nimeamua: kwanza wale, halafu niseme. Nilipofika mlangoni nikabadili: niseme kwanza. Nilipovua viatu nikabadili tena.

Ikaadhiniwa. Wanaume wakafungua kwa tende na maji, kisha mikono ikaenda kwenye sinia. Aliyetangulia alikuwa Ami Kassim, jirani yetu, fundi wa baiskeli, mtu ambaye hata akioga, girisi haimtoki vizuri. Akauma. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

Akainusa kanzu yake. Akamnusa jirani yake.

"Nani amekuja na udi hapa?" akauliza.

Wengine nao walikuwa wameuma. Wakaanza kutazamana, kila mmoja akivuta pumzi taratibu, kama watu walioingia chumba kisicho chao.

"Mimi naona," akasema Ami Kassim, akiigeuza sambusa kwenye mwanga, "kama natafuna harusi."

Hapo ndipo nilipouma ya kwangu. Chumvi ilikuwa sawasawa. Niseme hilo lijulikane. Lakini nyuma ya chumvi alikuja Shangazi Mwanakombo mzima mzima: waridi, sandali, sukari ya kuungua, na kile kitu ambacho hajamtajia mtu. Soya haikuwa imepumua. Ilikuwa imenywa. Vyakula vikavu hufyonza harufu ya jirani zake. Hilo niliulizwa kwenye mtihani wa mwaka wa pili, nikapata alama zote.

"Huenda Mama Mbwana amebadilisha viungo," akasema Maalim, imamu wetu, kwa upole. Akachukua ya pili. Sijui ni adabu au njaa.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Karibuni maji."

Tukasali magharibi. Naomba msamaha kwa Mungu, sikuwa na utulivu. Kila safu iliposujudu na kuinuka, msikiti ulinukia kama mlango wa bibi harusi.

Nikarudi nyumbani mbio. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunywa uji wake wa pilipili manga. Sijamweleza lolote, nikasikia hodi. Ilikuwa hodi ya mtu ambaye tayari ameingia. Bi Riziki, mke wa Ami Kassim, leso mbili, jicho moja limefinywa. Nyuma yake Ami Kassim mwenyewe, ameshika kofia mkononi kama mwanafunzi aliyeletwa kwa mwalimu.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba. Shangazi yako yuko wapi?"

Hakuuliza hali ya Mama. Hakuuliza mtoto wa Kikoneni. Nikajua limeharibika.

"Niko hapa," akasema Shangazi. "Karibu uji."

"Uji wako umenitosha. Mwanakombo, mume wangu katoka nyumbani ananuka girisi. Amesema anakwenda kufuturu. Amerudi ananukia udi. Si nguo, pumzi. Anasema 'Riziki, nipe maji,' na chumba kinajaa. Na udi huo naujua, niliununua kwako arusi ya binti yangu. Udi wa nani mwingine unakaa hivyo?"

Shangazi akaweka kikombe chini. Miaka saba ya ujane, na hakuna mtu aliyewahi kulipitisha jina lake mlangoni namna hiyo.

"Riziki, nimekwambia ni sambusa," akasema Ami Kassim.

"Sambusa! Na mimi nimekwambia nimezaliwa jana?"

Niliwatazama. Nikahesabu njia za kutokea. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema Mama amebadilisha viungo, Maalim mwenyewe kashanitengenezea uongo huo, uko tayari, kazi yangu ni kuuvaa tu. Lakini Shangazi alikuwa ananitazama, na mikono yake bado ilikuwa na unga wa manda zangu.

Nikaenda jikoni, nikaleta zile sambusa chache, nikampa Bi Riziki moja.

"Uma, mama yangu."

Akauma akinitazama kwa hasira. Akatafuna. Lile jicho lililofinywa likafunguka polepole. Akatafuna tena. Akanusa mkono wake, akamgeukia mumewe, akamnusa mdomoni mbele yetu sote.

"Ndiyo hii," akasema.

Nikaeleza yote: kabati, kopo, kitambaa, kupumua. Nilipofika kwenye kitambaa, Shangazi alijifunika uso kwa leso. Nikadhani analia. Mabega ndiyo yaliyomsaliti, alikuwa anacheka.

Bi Riziki akaketi kwenye mkeka, akamshika Shangazi mkono. "Nisamehe, Mwanakombo. Shetani kafungwa mwezi huu, kazi yake nimeifanya mwenyewe." Shangazi akammiminia uji. Nikashusha pumzi. Nikadhani nimemaliza.

"Lakini Mbwana," akasema Bi Riziki, akiichungulia sambusa ndani, "nyama gani hii inayonywa harufu namna hiyo?"

Lile swali la daku. Limenifuata mpaka kwenye mkeka.

"Si nyama, Bi Riziki. Ni soya."

Ami Kassim akavaa kofia yake, akaivua tena.

"Udi nimekusamehe," akasema. "Lakini soya, mwanangu? Sahani ya mamako?"

Hapo nikaamua. Sikungoja niwaze, maana najijua. Nilivaa viatu (cha kulia mguu wa kushoto, niligundua baadaye) nikarudi msikitini kabla ya adhana ya isha. Wanaume walikuwa wamekaa barazani. Nikasimama mbele yao nikasema: sambusa zilikuwa za soya, si nyama, harufu ni udi wa kabatini, Mama hajui lolote, kosa ni langu peke yangu.

Nikangoja. Maalim akakohoa kidogo, na ile harufu ikatufikia sote.

"Soya ni halali," akasema. "Na umesema. Ungesema wakati wa tende, sambusa ningekula tatu."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Kikoneni. Nasema hivyo kwa sababu sijatoka hata uwanjani, simu ikaita. Mama.

"Mbwana," akasema. "Ijumaa ijayo nitakuwa nimerudi."

Akakata simu.

Kopo, japo tupu, limehama. Liko chini ya kitanda changu, kifuniko kimekazwa, na sitalifungua hata wadudu wabishe hodi. Oda sijapata, ila binti mwingine wa Bi Riziki anauliza kama naweza kumpikia zile zile siku ya harusi yake.

Atakayenikuta njiani kesho anipe salamu kama kawaida. Namwomba tu asivute pumzi.