Malalamiko Dhidi ya Mbunge Asiyelalamikiwa

Ndugu Mhariri,

Kwa heshima naomba nafasi gazetini mwako kabla ya uchaguzi wa Jumapili. Nawasihi wapiga kura wa mji wetu wa Granviken wasiweke alama mbele ya jina la mbunge wetu, Bwana Torvald Lindgärde. Sababu zangu ni hizi:

1. Alipogombea mara ya kwanza, alisimama wakati wa kahawa ya kanisani baada ya ibada akatangaza kwamba anampenda mwanamume, Måns, mwoka mikate, na kwamba watafunga ndoa. Mimi niliyemfundisha Torvald sarufi shuleni nilikuwa nimesikia uvumi, nikaja na suti nyeusi, tayari kukasirika kwa niaba ya mji mzima. Kabla sijafungua kinywa, Bibi Gunborg mpiga kinanda akauliza, "Huyo Måns wako anakunywa kahawa na maziwa au kavu?" Akajibiwa, kavu. "Basi mlete, usituchoshe." Sahani ya maandazi ya mdalasini ikaendelea kuzunguka. Hasira yangu ninayo hadi leo, haijatumika.

2. Tangu hapo mimi husikiliza hotuba zake redioni nikingoja kashfa. Amezungumzia theluji barabarani, uhaba wa wakunga, na ua wa kuzuia kulungu wasigongwe na magari. Ua ukajengwa. Zamani, kila vuli, kulungu walikuja bustanini kwangu kula matufaha yaliyochacha, wakalewa. Mmoja alikwama mtini hadi wazima moto wakaitwa. Hao ndio waliokuwa wageni wangu. Sasa hawaji.

3. Hili ndilo zito. Majira ya baridi yaliyopita nilianguka kwenye barafu nikavunjika nyonga. Bungeni kulikuwa na kura ya bajeti. Torvald akapatana na mbunge wa upinzani, kama ilivyo desturi ya wabunge, kwamba wote wawili wasipige kura ili mizani isiharibike. Kisha akapanda treni, akaja kunipikia uji.

Nikamkemea, "Torvald! Taifa linakungoja!"

"Tulia, Mwalimu. Mpinzani wangu naye yuko kwao, anateleza thelujini na wajukuu. Hebu fungua mdomo."

Pima mwenyewe, Ndugu Mhariri: nyonga moja imenyamazisha vyama viwili. Nikivunjika na ya pili, nani ataitawala Sweden? Usalama wa nchi unadai Torvald aondolewe bungeni, arudishwe Granviken moja kwa moja, na apewe nyumba iliyo jirani na yangu. Iko wazi, na ina jiko zuri la kuokea.

Nawasalimu wafanyakazi wote wa gazeti, msambazaji wenu wa alfajiri, na Bibi Gunborg, ingawa aliniharibia siku.

Wako katika kufuata kanuni,
Hjalmar Edstrand
Mwalimu mstaafu wa sarufi

Baada ya sahihi: Jumatano nilipiga kura ya mapema pale maktabani, nikamwekea Torvald alama. Sheria yetu inaniruhusu kwenda kituoni Jumapili kuibatilisha kwa kura nyingine, nami nilikuwa nimekusudia kufanya hivyo. Lakini sasa hivi amepiga simu: Jumapili yeye na Måns watakuja kwangu na maandazi, nami nimeamriwa nisitoke nyumbani. Kwa hiyo, tafadhali, barua hii ichapishwe Jumatatu.