Gauni la Mkono Mmoja

Mtaalamu alikuwa kwenye benchi la kinyozi, mashavu yamejaa povu, alipomwona muuza nyama wa jirani akipiga kelele nje ya duka lake. Mtu asiyejulikana alikuwa amemchorea ukutani ng'ombe mnene mwenye masikio ya paka, na wapita njia walikuwa wakijazana kumpiga picha kwa simu.

"Nitampa chochote atakayeniondolea aibu hii!" alifoka muuza nyama.

Neno "chochote" lilimwingia Mtaalamu sikioni likatulia. Akainuka na kuondoka, shavu la pili bado halijanyolewa.

Aliitwa Mtaalamu kwa sababu hapakuwa na fani aliyoisomea, wala aliyokataa kuisemea. Mwaka uliotangulia alikuwa mtaalamu wa mchwa. Safari hii alikimbilia kwa muuza vikuukuu akanunua kamera kubwa, nyeusi, yenye mkanda wa shingoni. Haikupiga picha hata moja, ila ililia "kacha!" kwa heshima zote.

"We, unafanya nini?" aliuliza muuza nyama, alipomkuta akiuelekezea ukuta wake kamera.

"Hongera, mzee. Ukuta wako umechaguliwa kwenye Maonyesho ya Picha za Kuta za Mji, pale bustani ya halmashauri. Huyu paka wako tutamkuza awe na ukubwa wa mlango."

"Ni ng'ombe!"

"Hilo wataamua watazamaji."

Muuza nyama akashusha sauti. "Na mtu akitaka asiwemo?"

Mtaalamu akatazama juu, kama aliyeombwa kumsaliti ndugu yake. "Sanaa haizuiliwi, mzee. Ila kuna fomu."

Fomu ilikuwa na ada ya kawaida na ada ya haraka. Muuza nyama alilipa ya haraka, na Mtaalamu akamfutia ukuta kwa chokaa, bure, kwa moyo wake mwema.

Biashara ilikuwa na kasoro moja tu: wachoraji wa mji ule walikuwa wavivu. Mtaalamu akaona awasaidie. Akatafuta ovaroli, ndoo za rangi na ngazi, akawa anachora saa saba mchana, maduka yakiwa yamefungwa na wenyewe wamekwenda kula na kujinyoosha. Hakujificha, maana dunia hii haijapata kumuuliza swali mtu mwenye ovaroli na ngazi.

Alimchora dobi anacheza harusini na suti ya mteja. Alikuwa amekisia tu, lakini dobi alilipa mbio mbio, huku akilificha shati alilovaa, ambalo kola yake ilikuwa na jina la mtu mwingine. Muuza nafaka alichorewa mizani inayokonyeza jicho, na kesho yake mtaa mzima ukashangaa kilo imeongezeka uzito. Mtaalamu alianza kujiona kama idara kamili ya maadili, tena isiyoomba bajeti.

Akabaki Mama Sindano, fundi cherehani wa mwisho wa mtaa. Hapa sijui nini kilimpata Mtaalamu. Wengine aliwamaliza mchana mmoja. Huyu alimchukua mitatu. Alichora bibi harusi mwenye mvi, ameketi kitini, gauni lake jeupe lina mkono mmoja, shada limekauka mapajani. Chini akaandika: FUNDI KASEMA KESHO. Alipomaliza alirudi nyuma hatua tano, akajikuta anatabasamu peke yake. Uso ule ulikuwa na subira aliyoijua. Ilikuwa subira ya mama yake mzazi.

Jioni akaja na kamera. "Hongera, mama. Ukuta wako umechaguliwa."

Mama Sindano, futi ya kupimia shingoni, alikuwa anacheka mpaka ameshika ukuta. "Ni mimi kabisa! Humo ndani kuna gauni lina miaka miwili."

"Mji mzima utakucheka, mama."

"Wacheke, mwanangu. Wakishasimama kucheka, wataviona na vitambaa vyangu."

"Kuna fomu ya..."

"Fomu ya nini? Piga picha."

"Kacha," ikalia kamera, kinyonge.

"Nyingine, nikiwa pembeni."

Wiki iliyofuata alipita dada mmoja mwenye mkoba mgongoni. Alikuwa anazunguka mji kupiga picha michoro ya kuta, kwa kamera nzima, bila ada. Mtaani pale alikuta mchoro mmoja tu. Mingine ilikuwa imeshafutwa kwa gharama za wenyewe. Baada ya mwezi tangazo likabandikwa: maonyesho, bustani ya halmashauri.

Hakuna aliyeshtuka kama Mtaalamu.

"Ulisema tumejiondoa!" Muuza nyama alimkamata ukosi.

"Mmejiondoa, mzee."

"Twende tukahakikishe."

Akapelekwa bustanini, muuza nyama kuliani, dobi kushotoni. Na pale katikati, mkubwa kama mlango, alikuwa bibi harusi wake. Watu walikuwa wakimfikia wanacheka, kisha wananyamaza, kisha hawaondoki.

Mgeni rasmi akapanda jukwaani. Picha hii imependwa kuliko zote, alisema, na mchoraji wake atapewa kazi ya kupamba kuta za soko jipya, mwaka mzima, kwa malipo ya kila mwezi. "Je, yupo?"

Mkono wa Mtaalamu ukaanza kupanda wenyewe.

"Una nini?" aliuliza muuza nyama.

"Najikuna," akasema, akaushusha.

"Nipo hapa!" Mama Sindano alikuwa ameshafika jukwaani, katika gauni jipya lililokamilika mikono yote miwili.

"Mama, ulikuwa unamuwaza nani ulipochora?" aliuliza mgeni rasmi.

"Marehemu mama yangu," alisema, akafuta jicho.

Mtaalamu alihisi kama kachomolewa kitu mfukoni. Akapiga makofi pamoja na wengine, machozi yakimtoka, na dobi akanong'ona kwamba kumbe jamaa ana moyo.

Mama Sindano alimngoja langoni. "Mchana huwa nalala chini ya meza ya kukatia, mwanangu. Na ngazi uliiegemeza dirishani kwangu. Siku tatu hukunipa usingizi."

"Ile kazi ni yangu!"

"Waambie," alisema kwa upole, akiwaonyesha kwa kidevu muuza nyama na dobi.

Mtaalamu akajibanza nyuma ya nguzo ya lango.

"Mimi hata yai sijui kulichora," akaendelea mama. "Jumatatu saa mbili, soko jipya. Utachukua theluthi ya malipo."

"Nusu!"

"Robo."

"Basi theluthi, mama, theluthi!"

"Hiyo ilikuwa mwanzo."

Jumatatu, saa moja na nusu, Mtaalamu alikuwa ameshapanda ngazi, anakoroga rangi.