Mabati Sita na Sigara ya Umeme

Jumatatu, 11 Novemba

Leo nimeacha sigara. Sijaacha kuvuta, nimeacha sigara. Watu wa kawaida hawaoni tofauti.

Mambo yalianza asubuhi. Zipora, mke wangu, alinikabidhi laki moja na nusu kabla sijapanda basi la watumishi. Fedha ya cherehani yake, miezi mitatu ya kushona sare za shule. Maagizo: mabati sita ya geji 28, ya kuezekea chumba cha pili cha nyumba yetu hapa Zuzu. Chumba kina kuta, kina dirisha, kina hata kitasa. Paa ndilo hakina. Mama yake anakuja tarehe 23 kutoka Kongwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari ameonya kwamba jicho likishapasuliwa lisiguswe na vumbi wala maji. Zipora alilisema hilo mara mbili, huku amenishika mkono wa shati.

Jioni nilishuka mjini nikiwa na nia safi kabisa ya mabati. Bahati mbaya (baadaye itaitwa bahati nzuri) nikapita Barabara ya Nane, kwa Abdulnasiri muuza vifaa vya simu. Alikuwa anapuliza wingu lenye harufu ya zabibu. Sigara ya umeme! Vijana wanaita vepu. Nikamuuliza bei, akanipa na kikokotoo.

Hesabu yenyewe naiandika hapa ili wajukuu waione. Navuta sigara nane kwa siku. Moja ni shilingi 250 kwenye kibanda cha Kuluthumu, nje ya geti la wizara kule Mtumba. Hiyo ni elfu mbili kwa siku, laki saba na thelathini kwa mwaka. Vepu ni elfu tisini na tano, unanunua mara moja. Chupa ya maji yake ni elfu ishirini na tano na inakaa mwezi mzima, kwa mvutaji mwenye nidhamu. Kwa mwaka jumla ni laki tatu na tisini na tano. Nabaki na faida ya laki tatu na thelathini na tano, yaani mabati kumi na matatu na chenji. Zipora kaniomba sita tu.

Nimenunua vepu, chupa mbili, na kamba ya shingoni ya elfu tano ili ining'inie pamoja na kitambulisho cha kazi. Zipora nimemwambia geji 28 imeadimika, ila jina langu lipo kwenye orodha. Amesema sawa. Amelala kwa amani, na mimi pia.

Jumanne, 12 Novemba

Ofisini nimepokelewa vizuri. Mimi ni karani wa masijala, si mtu wa kuangaliwa sana, lakini leo nimeangaliwa. Uwesu, mpeleka barua, mtu ambaye tumekuwa tukivuta naye nyuma ya jengo kwa miaka sita, alisema kitu changu kinafanana na filimbi ya mwalimu wa zamu. Wivu. Nilimsomea hesabu yote, pamoja na mabati kumi na matatu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba pafu moja ili aone.

Nikampa. Mtu mwenye faida hana haja ya kubana.

Ijumaa, 15 Novemba

Chupa ya kwanza imekwisha. Siku nne! Nilidhani imevuja, nikakagua mfuko wa shati. Mkavu.

Nimelitafakari jambo hili kitaalamu nikapata jibu. Sigara ina aibu yake. Ukimwomba mwenzio pafu, unaiona inafupika mkononi mwako, yeye anaiona, na nyote wawili mnajua. Pafu mbili, unarudisha, unashukuru. Vepu haifupiki. Mtu anavuta, anapuliza, anatazama, iko vilevile. Anavuta tena. Uwesu amevuta leo akisimulia mechi yote ya Jumapili, dakika tisini na za nyongeza. Madereva wawili nisiowajua majina wamevuta. Hata Bi. Rukia, mkuu wangu, ambaye hajawahi kuweka sigara mdomoni tangu azaliwe, ameniita mezani kwake, amefunga mlango, akasema anataka kujua tu ile ladha ya zabibu ikoje. Ameijua kwa dakika kumi.

Nilipojaribu kusema kwamba maji yanaisha, Uwesu aliinyanyua mbele ya watu akauliza imepungua wapi. Hakuna aliyeweza kumwonyesha.

Nyumbani Zipora ameuliza habari za orodha. Nimemwambia tumebaki watu wachache.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimekuja na mpango imara. Pafu moja shilingi mia. Nimebandika tangazo dogo ukutani nyuma ya jengo, kwa mwandiko wangu mzuri wa masijala. Watu ishirini kwa siku, pafu tano kila mmoja, ni elfu kumi. Mabati sita yanarudi kwa siku kumi na tano za kazi. Mama mkwe atayakosa kwa wiki mbili hivi. Si nyingi.

Saa nne Uwesu alilisoma tangazo kwa sauti. Kisha, badala ya kutoa mia, akaanza kuniuliza maswali mbele ya watu. Akauliza, katika zile sigara nane nilizokuwa navuta kwa siku, ngapi nilinunua mwenyewe. Nikasema zote, kwa kiasi kikubwa. Akamwita Kuluthumu kutoka kibandani. Kuluthumu akaja akijifuta mikono, akasema bila hata kufikiri kwamba Meshack, yaani mimi, hununua tatu: asubuhi moja, mchana moja, na moja ya kupandia basi. Tano zilizobaki, akasema, ni za Uwesu. Miaka sita.

Watu walicheka mpaka dereva mmoja akakaa chini. Nilicheka pia, kiutu uzima. Ila maneno ya Uwesu ya mwisho yalinigusa. Alisema hajawahi kunihesabia hata moja, mpaka leo nilipomwekea tangazo.

Nimerudia hesabu mezani. Sigara tatu ni 750 kwa siku, yaani 22,500 kwa mwezi. Chupa moja ya vepu ni 25,000. Kwa maana hiyo, hata mtu akinipa kifaa bure na chupa ikakaa mwezi mzima, bado nilikuwa navuta kwa bei nafuu zaidi zamani. Nimepiga hesabu mara tatu. Kikokotoo cha masijala ni cha zamani, sikiamini sana.

Tangazo nimelibandua. Chupa ya pili imebaki matone.

Alhamisi, 21 Novemba

Kosa limegundulika! Tatizo ni maji ya kununua. Hakuna sheria inayosema mtu anunue. Nimesoma kwenye boksi kwamba kiini chake ni glisalini, na glisalini iko katika kila nyumba ya Dodoma. Bila hiyo upepo wa huku unamchana mtu visigino. Zipora ana chupa nzima dirishani. Ladha ni zabibu, nasi tunaishi mkoa wa zabibu. Dereva wetu mmoja kwao ni Hombolo; aliniletea mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, nusu lita kwa elfu moja. Nilichanganya kwenye kikombe cha chai, nusu kwa nusu, nikatikisa. Gharama ya mwezi ni shilingi elfu moja. Abdulnasiri nilimhurumia.

Pafu la kwanza lilikuwa tamu. La pili lilinuka sukari iliyoungua. La tatu halikuja. Ndani mlisikika mlio wa kitu kinachokaangwa, kisha taa ikazima. Nikaiweka kwenye droo ya mafaili ipoe.

Baada ya chakula cha mchana sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka dirishani mpaka kwenye droo, wakapita juu ya faili za likizo za watumishi wote wa herufi M. Bi. Rukia aliuliza ni nini. Nikasema ni msimu.

Jioni nilimpelekea Abdulnasiri ili aichukue tena kwa nusu bei. Aliinusa, akauliza kama nimeipika. Koili, waya wa ndani unaopasha moto, imekufa, mpya ni elfu kumi na tano, na betri hana uhakika nayo kwa sababu sisimizi mmoja alitoka alipokuwa anaifungua. Hakunipa hata mia. Zaidi ya hapo Zipora anatafuta glisalini yake, na mama yake anafika keshokutwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Mama mkwe amefika saa sita. Nilimwamkia shikamoo kwa mbali, kama inavyotakiwa, akaitikia marahaba akitazama upande wa sauti, si upande wangu. Jicho la kulia halioni kabisa, la kushoto linaona kivuli. Alimtambua Paulina, binti yetu, kwa kumpapasa kichwa.

Zipora alimwongoza mpaka chumba cha pili. Alitaka mama ajue mlango ulipo hata kama paa bado. Mama akaingia, akanyanyua uso, akasema humu mna jua zuri. Zipora aligeuka. Alinitazama mimi.

Nimemweleza ukweli, kwa mpangilio wangu. Nilianza na faida ya mwaka. Alinikatiza akauliza fedha iko wapi. Nikamwonyesha vepu. Aliigeuza kiganjani, akagundua inanata, akanirudishia. Akasema tu kwamba zile sare alizishona wakati mgongo unamuuma. Afadhali angegombana. Nimejisikia vibaya sana, sina sababu ya kuficha kwenye daftari langu mwenyewe.

Mpangilio wa kulala: mama, Zipora na Paulina chumba chenye paa. Mkwe halali chumba kimoja na mama mkwe, hilo halina mjadala. Mimi nipo chumba cha pili na turubai. Hewa ni safi. Nimempa Zipora matumaini kwamba mvua za mwaka huu zimechelewa, hata redio imesema.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua imenyesha alfajiri.

Turubai lilishikilia vizuri kwa kama robo saa, kisha likamwaga yote kwa pamoja. Maji yalipita chini ya mlango mpaka chumba cha pili. Samahani, chumba cha kwanza, chenye paa. Godoro la mama limelowa. Nilipotoka nikiwa nimejifunika sinia, mama mkwe alisikia nyayo zangu, akasema pole, baba Paulina, umelowa. Yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Asubuhi alifungua fundo la kanga yake akatoa laki moja na nusu. Alikuwa ameuza mbuzi watatu kwa ajili ya jicho. Alimwambia Zipora anunue mabati, kwa kuwa jicho limekaa gizani miaka miwili na litakaa tena, lakini mtoto hawezi kulala kwenye maji. Zipora alikataa, akalia, mwishowe akapokea. Hospitali imempangia mama Januari.

Nilijitolea kwenda kununua. Zipora amekwenda mwenyewe. Mimi nimekabidhiwa usafirishaji, yaani kuyabeba kutoka barabarani, kazi inayohitaji mtu wa kuaminika.

Jumamosi, 30 Novemba

Paa limekamilika. Ludovick fundi alikuwa amekadiria mabati sita, yametumika manne. Zipora alisimama chini ya paa jipya akalitazama, akatandika kitanda cha mama, akaweka maji karibu na mkono wake. Mawili yaliyobaki ameniagiza niyarudishe dukani Jumatatu, nilete elfu hamsini, zianze upya kuwa fedha ya jicho. Amesema ananituma mimi kwa sababu yeye ana sare za kumaliza. Nimesikia jinsi alivyosema na nimeamua kutomwangusha.

Mchana nilikaa uani kwa adabu, mbali kidogo na mama mkwe, nikaona jambo. Mama anatumia ugoro. Tumbaku ya shambani kwake, anaisaga mwenyewe, anatia magadi kidogo, anaweka kwenye kikopo cha dawa. Haina moto wala betri, sisimizi hawaigusi. Gharama karibu sifuri! Na majirani! Mpaka jioni nimehesabu kumi na wanne waliokuja kumsalimia, na kila mmoja ameondoka na chembe zake mbili tatu. Mama anawapa tu, hata hataji bei. Wateja kumi na wanne kwa siku moja, bila tangazo lolote.

Jumatatu, 2 Desemba

Mabati yamerudishwa. Elfu hamsini niliipokea. Nilikuwa njiani kuelekea nyumbani kweli, ila sokoni magunia ya tumbaku kavu yalikuwa yamewekwa wazi kabisa, nikauliza bei. Kwa elfu hamsini mtu anapata tumbaku ya vikopo mia mbili. Nikiuza kila kikopo kwa shilingi mia tano, ni laki moja. Nusu inarudi kwenye tumbaku, nusu kwenye jicho, mara mbili mara tatu, na kabla ya Krismasi mama anapasuliwa macho yote mawili, si moja. Gunia nimelificha masijala, nyuma ya faili za likizo. Kesho Uwesu na Bi. Rukia wataonja kwanza, ili wazoee.

Zipora nimemwambia duka la mabati limeniomba nisubiri fedha mpaka Ijumaa. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Alimaliza kuutia, kisha akauliza duka linaitwaje.

Nimemwahidi risiti. Kuluthumu ana mwandiko unaosomeka, na Zipora haujui; nitamwomba aniandikie asubuhi.