Fundi Saa Hewani

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema! Chama chetu cha wapenda redio kimepewa mlingoti wa antena. Mrefu, wa chuma, unang'aa. Mwenyekiti ametangaza kwamba utasimikwa kwa mwanachama atakayewasiliana na vituo vingi zaidi vya wapenda redio wenzetu duniani Jumapili hii, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Ila si kwa kuongea kwenye kipaza sauti. Kwa kompyuta tu! Kidijitali! Wazee kadhaa walinuna. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Mlingoti ule ni wangu. Nimeshaupima kwa macho. Utakaa juu ya paa la jikoni, na kivuli chake kitaangukia kibaraza cha Daktari wa Meno, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, kila asubuhi anapokunywa chai. Daktari naye ni mwanachama. Hakuna mkutano asiosimama kuongeza nukta ndogo. Nukta zake ndogo huisha soda zikiwa zimeshapata joto.

Kidijitali ni uwanja wangu hasa. Kompyuta inaunganishwa na redio kwa waya, inapiga miluzi, na kompyuta nyingine huko duniani zinaisikia na kuigeuza kuwa maandishi. Siri yote ni zamu. Dakika imekatwa vipande vinne. Vituo vyote ulimwenguni vinaanza kipande kwa pamoja: hawa wanatuma, wale wanasikiliza, halafu wanabadilishana. Ukiingia nje ya zamu kwa sekunde mbili tatu, hakuna anayekuelewa. Saa! Mchezo mzima ni saa! Na mimi ni nani katika mtaa huu? Fundi saa. Daktari na abaki na magego yake.

Kompyuta tuliyo nayo ni ya sebuleni. Mama mkwe, tunayeishi naye, hucheza karata humo kila siku baada ya chakula cha mchana. Nimemwomba kwa heshima zote aniazime kwa wiki moja. Amesema nichukue tu, baba, ila karata zake zisiguswe. Nimeapa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunganisha kila kitu. Kwanza nilirekebisha saa ya kompyuta, maana nimeikuta iko nyuma kwa dakika nne na sekunde kadhaa. Aibu! Nikaiweka sawa na Saa Kuu, ile ya ukutani dukani, niliyoachiwa na bwana aliyenifundisha kazi. Nikazima pia ile tabia yake ya kuokota saa kwenye mtandao. Huko mtandaoni kila mtu anaandika anachotaka.

Saa Kuu ndiyo iliyonifungua macho nikajua jinsi watu walivyo wazembe. Basi la asubuhi huchelewa. Benki huchelewa kufungua. Hata msomaji wa taarifa ya habari huchelewa kuanza, kila siku, dakika zilezile nne! Nilishawaandikia malalamiko. Hawajajibu, na sishangai.

Nikawasha redio. Michirizi ya rangi ikaanza kushuka kwenye skrini, mingi, mizuri. Maana yake vituo viko tele hewani. Maandishi? Hata herufi moja! Nimekaa nayo mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mwisho nimegundua ugonjwa: mfumo endeshi. Kompyuta hii inatumia ule wa siku zote, wenye madirisha. Mimi nauita Dirisha. Umezoea karata, utaweza wapi mawasiliano ya dunia?

Jioni nilijitia kupita tu langoni kwa Daktari, nikamuuliza kijuujuu yeye anatumia mfumo gani. Akasema anatumia ule wa bure, wenye nembo ya pengwini, na kile kicheko chake cha meno thelathini na mawili. Aha!

Mke wangu ni mkunga. Anakataa katakata kurekebisha saa yake kwa Saa Kuu. Anasema kazini anaandika muda wa watoto kuzaliwa, na kwa saa za dukani kwangu wengine wangeandikwa wamezaliwa wakati tayari wananyonya. Nilicheka. Mke wangu ana utani.

Jumatano, 5 Machi

Pengwini ameingia! Nimemweka asubuhi. Mahali fulani kompyuta iliuliza kama ifute kila kitu. Nikakubali, mimi napenda kuanza kazi kwenye meza safi.

Karata!

Nilikumbuka wakati Mama mkwe ameshavaa miwani na kuketi. Aliitazama skrini. Akanitazama mimi. Nikamweleza kwamba karata zimekwenda kufanyiwa matengenezo. Aliuliza, kwa upole wa kutisha, karata zinatengenezwa wapi, baba. Nikasema mjini. Akavua miwani, akaikunja, akaenda kukaa uani. Hajasema neno tangu hapo, na chakula cha jioni niliandaliwa na ukimya wake.

Naye Pengwini sasa. Mzuri, mwepesi, hana makuu. Nikarekebisha saa, maana naye alikuja na uzembe uleule wa dakika nne! Nikawasha redio. Michirizi tele. Herufi hakuna.

Mwenyekiti alinipigia simu kujua maendeleo. Ni mzee mwenye subira, alikuwa mtu wa redio melini kabla hajastaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimeangalia saa. Mimi! Saa! Nilimuuliza kama huwa anamuuliza mpishi kama amewasha moto. Akaomba radhi. Nikamsamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Duka nimelifunga leo. Nimepata mfumo wa tatu: ndugu wa yule Pengwini, umetengenezwa na wapenda redio wenyewe, kila kitu kimo ndani. Nimeubatiza Pengwini Mdogo. Kuupakua kumemaliza kifurushi chote cha intaneti cha mke wangu. Bado hajui.

Mteja mmoja alinifuata mpaka nyumbani. Analalamika kwamba tangu nimtengenezee saa anafika kazini mapema mno, anasimama nje na mlinzi. Nikampongeza. Akaondoka amekunja uso. Watu hawana shukrani.

Pengwini Mdogo amekaa vizuri. Kulikuwa na mahali pa kuchagua sauti itoke wapi kwenda redioni. Majina yote yalifanana, nikachagua la kwanza. Kisha nikapanda darini kunyoosha waya wa antena.

Kumbe lile la kwanza ni kipaza sauti cha kompyuta yenyewe! Na redio yangu huanza kutuma yenyewe kila inaposikia sauti. Na sebuleni Mama mkwe, ambaye ulimi ulikuwa umemrudia, alikuwa na mgeni wake, mama wa nyumba ya tatu. Alimsimulia yote. Karata. Matengenezo ya mjini. Jinsi ninavyozungumza na pengwini. Jinsi nilivyokuja kumposa binti yake huku suruali nimeivaa nje ndani, jambo nililodhani limesahaulika. Yote yalikwenda hewani!

Nilijuaje? Daktari alivuka barabara na kandambili zake kuja kunijulisha. Alitumia maneno ya adabu sana. Alisema anadhani nina hitilafu ndogo, na kwamba pole kwa mambo ya suruali. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nimeirekebisha. Kipaza sauti nimekizima. Michirizi. Herufi hakuna.

Mke wangu alitoka zamu akanikuta nimelaza kichwa mezani. Nilidhani atauliza kuhusu kifurushi. Hakuuliza. Alileta chai vikombe viwili, akaketi, akataka kujua huu mlingoti umenipa nini mpaka siku hizi sili wala sisikii.

Nilimwambia ukweli, sijui kwa nini. Nilimwambia kwamba zamani watu wakipita dukani walikuwa wanainua macho kuitazama Saa Kuu. Wengine wanasimama kabisa, wanarekebisha za kwao, wananisalimu. Sasa kila mtu ana saa kwenye simu. Wanapita wameinamisha vichwa. Naweza kukaa siku nzima asinitazame mtu. Nilitaka kitu kimoja kirefu, chenye jina langu, ambacho mtu hawezi kupita bila kukiona. Naona haya hata kuandika.

Hakunicheka. Alisema yeye ananiona. Kisha akasema hivi kwa nini nisijaribu kuiacha kompyuta ichague saa yake yenyewe. Tulikuwa tunaelewana vizuri sana mpaka hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi kutoka dukani, nimekuta nini? Daktari wa Meno! Kwenye kiti changu! Mama mkwe kando yake na sahani ya biskuti, zile tunazowafichia wageni. Kumbe Mama mkwe alipitia kwa Daktari kuonyesha jino, akamwaga machozi kuhusu karata, na Daktari akajitolea kuja kuzirudisha.

Amemtoa Pengwini Mdogo. Amerudisha Dirisha. Mama mkwe alikuwa ameshacheza mikono miwili mitatu na uso wake una nuru. Daktari akasema, bila hata nukta ndogo, kwamba ameacha kompyuta ichukue saa mtandaoni na kwamba tatizo lilikuwa hilo tu. Akawasha redio kunionyesha.

Maandishi! Yalishuka kama mvua! Vituo vya mbali, vya visiwani, vya nchi za barafu, vyote vinaitana! Nikamwita mmoja. Akanijibu. Alama yangu ya wito, jina langu la hewani, iliyokuja kutoka upande mwingine wa dunia, iko pale kwenye skrini!

Nilimshukuru Daktari, taya zikiwa zimebana kidogo. Sikutaka kumwaibisha mbele ya Mama mkwe kwa kumweleza kilichotokea hasa. Ni wazi kabisa. Ule mfumo ulihitaji kufunguliwa, kufutwa vumbi na kufungwa upya. Hata saa iko hivyo. Kwa hiyo kazi kubwa niliifanya mimi Jumatano, nilipofuta kila kitu.

Jumapili, 9 Machi

Andika, mkono wangu, andika.

Asubuhi nilianza kwa kishindo. Naita, najibiwa. Naita, najibiwa. Mke wangu, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku na alipaswa kulala, aliketi ubavuni kwangu akihesabu vituo kwa sauti kana kwamba tunasubiri pacha wa tatu. Mama mkwe akaziacha karata kwa hiari yake, akaja kusimama nyuma yetu. Alipoona kituo cha nchi za barafu alipiga kigelegele. Mchana Mwenyekiti akapiga simu: ninaongoza! Daktari yuko nyuma yangu, tena si karibu! Mwenyekiti akasema niandae paa. Machozi yalinilenga. Mke wangu aliyaona, akanibana mkono.

Ndipo kwa bahati nikatupia jicho saa yangu ya mkononi, niliyoiweka sawa na Saa Kuu jana. Kisha nikatazama ya kompyuta.

Iko nyuma! Dakika nne na sekunde kadhaa! Yule Daktari! Hujuma! Ndiyo maana alikula biskuti zetu kwa raha vile!

Mke wangu akapiga kelele niiache, baba watoto, usiguse! Nilikuwa nimeshagusa. Nikairekebisha, nikazima mtandao usinichezee tena.

Michirizi. Herufi hakuna.

Mke wangu alinisihi niirudishe kama ilivyokuwa. Nikamweleza kwamba mtu wa kazi yangu hawezi, kwa macho yake makavu, kuweka saa ya uongo. Kuna heshima ya ufundi. Alinitazama, akatazama dari, akaenda kulala na viatu. Mama mkwe akarudi uani.

Niliita mpaka jua likazama. Daktari amenipita kwa kituo kimoja. Kimoja!

Jumatatu, 10 Machi

Mlingoti umesimikwa leo, kwa Daktari. Nilipanga kushinda dukani nisione. Mke wangu akasema nitakwenda, na nitavaa shati lililopigwa pasi.

Chama kizima kilikuwa pale, kamba, ngazi, patashika. Daktari akanivuta pembeni. Akaniambia kwamba amezungumza na Mwenyekiti, na wamekubaliana kebo ivuke barabara mpaka kwangu. Mlingoti utakuwa wa nyumba mbili. Na kibao kilichofungwa chini yake kina alama zote mbili za wito, yangu ikiwa juu, maana mimi ndiye mkubwa kwa umri. Nilitazama kibao. Watoto wawili waliokuwa wanapita walisimama, wakainua macho, wakasoma alama yangu kwa sauti. Yaani nilikuwa nimemdhania vibaya mtu huyu miaka yote! Nilimkumbatia na nukta zake zote ndogo.

Walipopanda wote paani kukaza nyaya, mimi niliachwa chumbani kwake niangalie redio na kompyuta, tayari kwa uzinduzi. Nilikuwa nawaza nimlipe nini mtu mwema kama huyu. Na hapo hapo nikaona. Maskini ya Mungu! Kompyuta yake iko nyuma kwa dakika nne na sekunde kadhaa! Anaishi hivyo, msomi mzima, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Sikumwaibisha. Niliirekebisha kimya kimya, kwa saa yangu ya mkononi, nikazima na mtandao ili isiharibike tena.

Wakashuka, wakanawa mikono, wakajipanga. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi. Daktari akawasha. Michirizi ya rangi ikashuka, mingi, minene, kuliko yote niliyowahi kuiona. Herufi hakuna. Akajaribu tena. Hakuna. Daktari alianza kutoka jasho, kisha akageuka akanitazama kwa muda mrefu.

Nilimwekea mkono begani. Nikamwambia, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kwamba asijilaumu hata kidogo, mfumo endeshi wake ndio mbovu, na kwa bahati nzuri jirani yake ana uzoefu wa mifumo mitatu.