Nilimwahidi Verla Mto

Jumatatu, 2 Juni

Tumefika. Milima ya Colorado, hewa nyembamba, vileleni bado kuna theluji na mimi nimevaa kaptura. Majira yote ya joto ni yetu!

Kuliingiza trela, nyumba yetu ya magurudumu, kwenye nafasi yake kulituchukua muda. Hapa kambini mgeni akianza tu kupiga rivasi, wenyeji hutoa viti nje wakakaa kutazama. Wengine walikuja na kahawa. Verla alisimama nyuma akinielekeza kwa mikono. Kushoto kwake ni kulia kwangu, jambo ambalo hajalielewa miaka yote ya ndoa yetu. Nikagonga meza ya zege. Mzee mmoja wa Texas, Royce Tillotson, akauliza kwa upole kama meza imeumia. Watu wakacheka. Simpendi mtu huyo.

Kubwa zaidi ni hili. Nilimwahidi Verla mto. Tumepewa nafasi inayotazamana na mapipa ya taka. Nafasi ya mtoni, iliyo nzuri kuliko zote, anayo Royce.

Jumanne, 3 Juni

Verla amezungumza. Amesema hakuacha nyumba yake Kansas, na bustani yake, na kwaya yake, ili aje milimani kutazama mapipa. Atavumilia mpaka Jumapili. Kama moyo wake hautakuwa umetulia, atapanda basi aende kwa dada yake Lois mpaka majira haya yaishe, na mimi nibaki na trela langu. Hakupaza hata sauti. Nimeogopa kweli. Hata kahawa naipenda kwa sababu yeye yupo upande wa pili wa meza.

Kwa hiyo Royce lazima ahame. Mchana nilimwendea, nikamwambia kwa masikitiko kwamba nimesikia eti theluji ikiyeyuka, mto hufurika na kuzoa matrela. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema amekuwa akija hapa tangu mimi nikiwa na nywele, na mto haujamlowesha hata soksi. Kisha akanipa samaki wawili aliowavua asubuhi. Tumewala. Walikuwa watamu, na hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata dawa yake! Nadine, mke wa Royce, ni kichaa wa vile vindege vidogo vinavyovuma kama nyuki. Ametundika chupa ya maji ya sukari pale kwake, naye hukaa akivitazama kutwa. Sasa, nikivihamishia vindege kwangu, Nadine atavifuata. Na Royce atamfuata Nadine. Nafasi ya mto itabaki wazi.

Nimekwenda mjini, nimenunua chupa zote zilizokuwa dukani. Nimetundika kila mahali penye pa kutundika. Sukari nimetia maradufu.

Bi Archuleta, msimamizi wa kambi, alipita na kigari chake. Akasema chupa zote ziingizwe ndani kabla jua halijazama, kwa sababu ya dubu. Alisema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Nikaitikia ndiyo, mama.

Alhamisi, 5 Juni

Vindege vimekuja vyote. Kufikia saa nne Nadine naye amekuja, na kiti chake. Yeye na Verla wamekaa mpaka jioni wakizungumza habari za magoti na wakwe. Aliyekuja kutupa taka walimwita, wakamwonyesha namna ya kufungua komeo la pipa lililowekwa kuzuia dubu, wakamuuliza ametoka wapi. Nilimsikia Nadine akisema huku kwetu ndiko kwenye raha. Royce alikuwa mtoni peke yake. Nilimpungia mkono.

Kuhusu chupa: vindege huamka alfajiri, mimi siamki. Nimeziacha nje. Hayo mambo ya dubu ni ya kuwatishia wageni.

Ijumaa, 6 Juni

Dubu alikuja.

Turubai la kivuli liko chini. Kiti changu kimekaliwa na mtu mzito. Chupa zimetafunwa, na sisimizi wamefuata walichobakishiwa. Nilisema huenda ni upepo. Bi Archuleta akanionyesha nyayo juu ya boneti ya gari langu.

Akanieleza, bila ukali wowote, kwamba dubu akishazoea vya watu, mwisho wake hupigwa risasi. Akauliza kama ndicho ninachotaka. Sikitaki. Nilijisikia vibaya mpaka nikashindwa kula. Nikirudia kosa, nitafukuzwa.

Verla alivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda.

Jumamosi, 7 Juni

Chakula cha jioni cha kambi nzima. Kila mtu huja na chungu chake. Nilipanga kuwanyamazisha wote kwa maharagwe yangu. Huku juu maji huchemka haraka lakini hayaivishi kitu. Nilianza asubuhi, na jioni bado yaligonga sahani kama kokoto. Royce alichukua kijiko kimoja, akaniuliza kama haya ndiyo aliyoyakataa dubu. Verla alicheka mpaka akashika meza. Sijamwona akicheka hivyo tangu tustaafu. Nilicheka na mimi, ingawa sikutaka.

Baadaye Royce akanivuta pembeni. Akasema mke wake haishi kuusifu upande wetu, naye anataka kumfurahisha. Je, tubadilishane nafasi, bila kuwaambia kina mama? Nilijifanya nafikiri. Tukapeana mikono.

Jumapili, 8 Juni

Verla amerudisha sanduku chini ya kitanda!

Amempigia simu Lois kumwambia haendi. Akanikalisha, akanieleza. Kila mtu wa kambi hii hana budi kupita kwetu na taka zake. Anasimama, wanapambana na komeo pamoja, wanazungumza. Sasa anawajua wote kwa majina, na wamemwomba aanzishe kwaya. Mto akasema hautaki tena, maji yakiporomoka karibu na kitanda atashinda chooni. Hapa penye mapipa ndipo pazuri kuliko pote, na nisithubutu kupagusa.

Machozi yalinitoka. Mke mwema kiasi gani huyu! Anajifanya anapenda mapipa ili mimi nisijione nimeshindwa.

Kesho asubuhi yeye na Nadine wanakwenda kutembea mlimani. Bi Archuleta ameturuhusu tubadilishane, maana tumemwambia wake zetu wamekubali. Wakipotea tu kwenye kona, mimi na Royce tunavuta matrela. Verla akirudi atakuta mto uko chini kabisa ya dirisha lake. Natamani kuche upesi niuone uso wake.